Ufa Mkubwa Uliokupita

SWABRA: Asalaam aleikum, karibuni barazani. Tuko Amu, Mkomani, kahawa imeshamiminwa. Leo sina mgeni. Nina huyu mwenzangu aliyenitupa miezi minne nikawa nazungumza peke yangu kama mwehu. Athman, ulikuwa wapi?

ATHMAN: Waaleikum salaam. Nilikuwa Ulaya, mafunzo ya kazi. Chuo kinataka, usipokwenda huhitimu. Kiwanda sikitaji, nimetia saini karatasi za siri mpaka kalamu ikachoka.

SWABRA: Mamako alitwambia unatengeneza ndege.

ATHMAN: Mama ananipenda tu. Ndege sikugusa hata moja. Nilikuwa nashika mapanga ya ndani ya injini, mengine madogo yanaenea kiganjani. Kazi yetu ilikuwa kuitahini mashine ya ukaguzi.

SWABRA: Kuitahini mashine? Yaani mtihani, kama wa darasani?

ATHMAN: Mtihani hasa. Tangu zamani nyufa za vipande hivi hutafutwa na mtu. Kipande kinaoshwa kitakate, kisha kinachovywa kwenye mafuta mepesi yenye rangi inayong'aa. Yale mafuta yanapenya ufani, hata ufa uwe mwembamba kuliko unywele. Unasuuza ya juu, unakausha, unapuliza unga mweupe. Unga unayanyonya yaliyojificha ndani. Sasa ingia chumba cha giza, washa taa ya urujuanimno, ile ya mwanga usioonekana kwa macho, na kama ufa upo, unajichora wenyewe: mstari wa kijani na manjano, unawaka.

SWABRA: Na huyo mkaguzi anashinda gizani?

ATHMAN: Anashinda. Akiingia lazima angoje angalau dakika 1 macho yazoee, na miwani ile inayojigeuza rangi juani haruhusiwi kuvaa. Ni kazi ya kuchosha, nakwambia. Unatazama kipande cha mia, hakina kitu. Cha mia na moja, hakina kitu. Macho yanaanza kuona kile yanachotarajia, yaani hakuna kitu. Ndiyo maana viwanda vinataka roboti ishike kipande, kamera ipige picha, na programu iamue.

SWABRA: Mbona rahisi? Ionyeshe ufa. Ikiuona, imefaulu.

ATHMAN: Wallahi ndivyo nilivyodhani. Wiki ya kwanza nikamkimbilia msimamizi wangu, nikamwambia mashine imeona ufa wa nusu milimita! Nilitaka anipigie makofi. Akanitazama tu, akauliza: na mkubwa kuliko yote uliokupita ni upi?

SWABRA: Ukasemaje?

ATHMAN: Ningesema nini? Nilinyamaza. Hebu fikiria ndege ya DC-10 ya United, safari namba 232, tarehe 19 Julai 1989, kutoka Denver kwenda Chicago. Diski ya feni ya injini ya mkiani, yaani sahani ya chuma inayoshika mapanga, ilipasuka hewani, vipande vikakata mabomba, na mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani mafuta ya kuendeshea usukani, ikafa. Marubani wakabaki na injini mbili za mabawani tu za kuiongozea, wakajitahidi kuifikisha Sioux City. Kati ya watu 296 walikufa 112. Sasa sikiliza. Diski ile ilikuwa imekaguliwa mwaka 1988, kwa njia hii hii ya mafuta na taa. Wachunguzi walikadiria kwamba siku ile ya ukaguzi ufa ulikuwa umeshafika karibu nusu inchi, na ukampita mkaguzi.

SWABRA: Nusu inchi! Si naiona hata mimi bila taa?

ATHMAN: Ukijua pa kutazama. Na wachunguzi wa Marekani hawakuishia kumlaumu mtu mmoja. Waliandika kwamba shirika halikuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu katika kazi ya ukaguzi.

SWABRA: Ngoja nikuulize. Ami yangu wa Matondoni, jahazi likipandishwa pwani na maji ya bamvua, kabla halijapakwa deheni yeye hulizunguka na nyundo. Anagonga ubao mmoja mmoja, sikio ameinamisha. Sauti ikibadilika anasema hapa pameoza, na ukifungua kweli pameoza. Hajapata kukosea.

ATHMAN: Nani kasema hajakosea? Zile mbao alizozigonga akaziacha, zikaja kuoza baharini, zilirudi kumwambia?

SWABRA: Weh! Usinitukanie ami yangu.

ATHMAN: Simtukani. Mimi mwenyewe ningemwamini kuliko roboti lile. Lakini kumwamini ni kitu kimoja, kumtahini kingine. Nikitaka kumtahini nampa mbao 29 zilizooza ndani kwa kiasi kile kile. Akizigundua zote 29, hapo naweza kuandika, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba uozo wa kiasi hicho ataugundua angalau mara 90 katika 100. Ikimpita moja tu, 29 hazitoshi tena. Itabidi zifike 46 na asikose nyingine.

SWABRA: Mbao zote hizo mbovu utazitoa wapi?

ATHMAN: Hapo ndipo penye jasho! Kwenye chuma tunafuga nyufa. Unakata alama ndogo, unakiweka kipande kwenye mashine inayokivuta na kukiachia, maelfu ya mara, hadi ufa uzaliwe. Kisha unaiparura ile alama ya kwanza, ubaki ufa mtupu. Kuna mwongozo wa jeshi la Marekani, toleo la mwaka 2009, unaopendekeza nyufa zisizopungua 60 za ukubwa mbalimbali kama jibu ni la "nimeona, sikuona". Na vipande vizima unavichanganya humo humo, vingi.

SWABRA: Vizima vya nini?

ATHMAN: Kwa sababu mashine inayopiga kelele kila kitu ni kibovu haitakosa ufa hata mmoja! Hata mimi naweza kazi hiyo. Na hapo nina aibu yangu. Siku moja mashine ilitukatalia kipande kizima mara tatu, mahali pale pale, mstari mzuri kabisa unawaka. Tulikiosha, tukarudia, mstari umehama. Tukakesha tukilaumu programu. Asubuhi fundi mmoja mzee akachukua kioo cha kukuzia, akachomoa uzi. Uzi wa pamba, umelowa mafuta yale. Ulitoka kwenye kitambaa nilichokuwa nakaushia mimi.

SWABRA: (anacheka) Kwa hiyo mashine ilikuwa sawa, mbovu wewe.

ATHMAN: Haikuwa sawa vilevile, iliita uzi ufa. Tuliuandika uzi wangu kwenye ripoti, na vitambaa vile vikapigwa marufuku chumba kile.

(Sauti ya ndege.)

SWABRA: Hiyo inashuka Manda. Na hizi zetu za pangaboi zina mambo hayo?

ATHMAN: Nyingi za hizi zinazotua hapa, nyuma ya pangaboi kuna injini ya tabo, na ndani mna diski na mapanga yake. Yote hukaguliwa.

SWABRA: Basi Ijumaa nakwenda Matondoni. Nimwambie ami?

ATHMAN: Mwambie mbao 29 mbovu, na nzima zimechanganywa humo humo. Na wewe utakayemshikia daftari usijue zipi ni zipi, maana uso wako utamwambia.

SWABRA: Atauliza analipwa shilingi ngapi.