Chapa Ndogo za Lino Nyumbani: Kibao Kimoja, Majaribio Mengi

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii tutachonga kibao cha lino chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 15, kisha tutakichapa kwa mkono juu ya meza ya kawaida, bila mashine yoyote. Ukubwa huo nimeuchagua kwa makusudi, kwa kuwa kibao kidogo humalizika kwa jioni moja, hakili wino mwingi, na hata kikiharibika hutasita kuanza kingine.

Lino ninayoizungumzia ni ile ya asili, iliyovumbuliwa na Frederick Walton huko Uingereza katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kufunika sakafu. Hutengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyoachwa yakaganda, utomvu wa msonobari na unga wa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na mchanganyiko huo hutandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Kapeti ya plastiki inayouzwa kwa mita madukani siyo lino, ingawa wengi huiita hivyo. Ni nyembamba, na patasi huteleza juu yake. Ukikosa lino, ni afadhali uanze na kifutio kikubwa au hata soli ya kandambili kuukuu.

Sugua uso wa kibao taratibu kwa msasa laini, kisha ufute vumbi. Sasa tazama mchoro wangu: ni umbo la korosho kama lile la kwenye kanga, na chini yake neno SUBIRA. Chapa hutoka kinyume cha kibao, kama sura katika kioo, na maneno ndiyo huwaumbua wanaosahau jambo hilo. Herufi U, I na A hubaki vilevile zikigeuzwa, lakini S, B na R hugeuka, na mpangilio wa neno zima huanzia upande wa pili. John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, aliweka maneno mengi katika chapa zake za lino za rangi nyeusi na nyeupe, na kazi hiyo ya kuchonga kinyumenyume ilikuwa sehemu ya ufundi wake. Sisi tutatumia njia nyepesi: chora kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, ilaze karatasi kifudifudi juu ya lino, kisha usugue mgongo wake kwa kijiko. Risasi ya penseli itahamia kwenye kibao ikiwa tayari imegeuka.

Kabla ya kuchonga, anika kibao juani kwa dakika chache, kwani lino yenye joto hukatika kwa ulaini. Anza na patasi yenye ncha ya V kwa mistari na herufi, kisha utumie ile ya U kuondoa sehemu pana. Kumbuka kwamba unachokiondoa ndicho kitakachobaki cheupe. Patasi ilale karibu na kibao wala isisimame, na kina cha nusu ya unene wa lino kinatosha. Ukiona nyuzi za gunia, umepita kiasi. Katika mikunjo ya korosho, zungusha kibao badala ya kuukunja mkono. Mkono ulioshika kibao ukae nyuma ya makali wakati wote, na kwa jambo hili sina mzaha, kwa sababu patasi ikiteleza huenda mbele kwa kasi. Angalia pia kwamba kuta za kila mstari zinateremka kwa nje, maana mstari uliochimbwa kwa chini hukosa msingi na humeguka wakati wa kuchapa.

Sasa tuje kwenye wino, ambako ndiko majaribio yenyewe yalipo. Weka wino kidogo, kiasi cha maharage mawili, juu ya kipande cha kioo, na uutandaze kwa rola ya mpira kwenda na kurudi. Sikiliza sauti: wino uliotandazwa vema hutoa mchakacho mwembamba, kama mafuta yanayokaanga kwa mbali, ilhali wino uliozidi hulia kama matope chini ya viatu. Wino wa maji husafishika kwa urahisi, lakini hukauka upesi mno, kwa hiyo zima feni kabla ya kuanza. Wino wa mafuta hukupa muda, ila huweza kuchukua siku kadhaa kukauka, hasa penye unyevunyevu wa pwani.

Pitisha rola juu ya kibao mara kadhaa kwa tabaka nyembamba, laza karatasi isiyo nzito, na usugue mgongo wake kwa kijiko kwa miduara midogo kuanzia katikati. Inua pembe moja uchungulie. Kama kuna mahali pamefifia, rudisha karatasi na uendelee kusugua. Usikate tamaa kwa nakala mbili za kwanza, kwani lino mpya hunywa wino na chapa hutoka imepauka.

Baada ya hapo, badilisha jambo moja tu kwa kila nakala, ama karatasi, ama wino, ama nguvu ya mkono, na uandike nyuma yake kwa penseli ulichobadilisha. Chapa yenye vitone vyeupe kama chumvi imekosa wino au msukumo. Chapa ambayo macho ya B na R yamezibika imezidiwa wino. Futa kibao kwa kitambaa na utumie nusu ya kiasi cha awali. Mimi hupenda chumvi kidogo katika sehemu pana, na hiyo ni hiari ya macho yangu.

Ukitaka rangi ya pili, chapa kwanza nakala zote kwa rangi nyepesi, kisha uchonge tena kibao hichohicho na uchape rangi nzito juu yake. Picasso alichapa hivyo huko Vallauris, Ufaransa. Gundi vipande viwili vya kadibodi mezani, vikutane kwa pembe, ili kibao na karatasi vikae palepale kila mara. Ongeza nakala nne au tano za akiba, kwa kuwa ukishachonga mara ya pili rangi ya kwanza haiwezi kuchapwa tena.

Mwisho, safisha wino wa maji kwa kitambaa chenye maji, na ule wa mafuta kwa mafuta ya kupikia yakifuatiwa na sabuni. Usiloweke kibao, kwani gunia la chini huvuta maji na kukikunja. Kilaze bapa mahali penye kivuli, nakala zako zikining'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.