Kwaresima Ndo Msimu Wetu: Kutengeneza Filamu Ukiwa Mwanza

KAMERA: Haya haya, karibuni tena, leo tupo wawili tu, mi wa kamera na dada angu hapa wa editi, tumejifungia chumbani kwake Kirumba na tumetundika blanketi dirishani maana bodaboda wa mtaa huu hawana huruma.

EDITI: Na injini za boti kule mwaloni zinakoshusha samaki, usizisahau, hizo ndo zinanipa kazi kila wiki.

KAMERA: Sa swali linalorudi kila siku ni lile lile, nihamie Dar ndo nitengeneze filamu? Mi nilihamia bwana, sifichi, kilomita 1,100 na ushee kwenye basi, begi la kamera mapajani, nikakaa miaka miwili nabeba stendi za taa za watu.

EDITI: Ukarudi umekonda.

KAMERA: Nimekonda ila kufunga taa najua, siyo haba. Filamu yangu mwenyewe hata moja sikutoa. Na enzi zile za DVD njia ilikuwa Kariakoo tu, msambazaji anachukua kazi kwa mkupuo, haki zote zake, we unabaki na sura yako kwenye kava.

EDITI: Wanaosema huku hela hakuna wakatembee kumbini Jumamosi. Kitchen party, send-off, harusi yenyewe, hiyo ndo iliyoninunulia kompyuta. Shida mtu anashuti harusi mwaka mzima afu Disemba ndo anakumbuka kumbe alikuwa anataka filamu.

KAMERA: Hapo sasa ndo Kwaresima inaingia.

EDITI: Elezea, watu watadhani tumeokoka.

KAMERA: Haha. Yani Mwanza Wakatoliki wengi, Kwaresima ikifika harusi zinakauka, kamera nusu mji zimelala kabatini, sa tukakaa watu sita tukasema hizi siku ni zetu, mwenye lenzi alete, mwenye rekoda alete, mwaka huu tunashuti ya huyu, mwakani ya yule, hamna anayelipwa ila siku zako zinaandikwa kwenye daftari, ukimpa mwenzio siku nne unamdai nne.

EDITI: Wala siyo akili yetu hiyo, Wasukuma wamelimiana hivyo toka zamani, shamba kwa shamba na ngoma ya bugobogobo inapigwa, majembe yanarushwa juu.

KAMERA: Daftari analo nani?

EDITI: Ninalo mimi na ni msalaba. Mwaka wa kwanza kuna mmoja tulimshutia yake yote, zamu ya mwenzake imefika simu haipokei. Sikugombana nae. Ila picha zake si zipo kwenye hard disk yangu? Nikaziacha zilale. Wiki ya tatu huyo kaja mwenyewe, na maandazi.

KAMERA: Nilikula mawili hayo. Sa waambie ya mwaloni.

EDITI: Weee. Sini ya mama anaanika dagaa, kalia kweli, machozi ya kweli, mi nashika rekoda nikasema leo tumepata. Kumbe nyuma yake korongo katembea taratibu kama mjumbe wa nyumba kumi, kasimama katikati ya fremu, kamtazama. Wote tukacheka, machozi yakaisha, hayakurudi tena siku hiyo.

KAMERA: Mi ningemwacha yule korongo. Ndo Mwanza yenyewe. We fikiria filamu iliyoupeleka huu mji duniani ni ile watu wanaiita ya mapanki, yani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, jina lenyewe Darwin's Nightmare, 2004, ya Hubert Sauper wa Austria, ikateuliwa Oscar 2006, Rais Kikwete mwenyewe akaikemea mwaka huohuo. Watu huku waliumia, ila mi nilikuwa najiuliza sisi wenyewe tulikuwa tumeshuti nini? Harusi.

EDITI: Hapo umenichoma.

KAMERA: Na kibali jamani, Bodi ya Filamu inataka kibali hata kama mko sita na kamera moja, anzeni mapema, msije mkasimamishwa mchana wa jua zuri.

EDITI: Kuonyesha nako msisubiri sinema kubwa. Sisi tuliongea na mwenye kibanda umiza, Jumatatu hana mechi kubwa, viti vipo, spika zipo, kiingilio buku tunagawana nusu kwa nusu. Tunaweka filamu fupi mbili, ile inayopigiwa makofi zaidi ndo inarudiwa, kama yale makundi ya ngoma ya Kisukuma, Wagika na Wagalu, wanavyogombea watazamaji kule Bujora.

KAMERA: Yangu ilishindwa.

EDITI: Ilishindwa na filamu ya fundi viatu! Sauti yako ilikuwa mbovu, nilikwambia mikrofoni ivalishe hata soksi, upepo wa ziwa siyo mchezo, we ukasema utarekebisha kwenye editi. Editi ni mimi.

KAMERA: Sawa dada, yaishe. Ile boti nayo inapita sasa hivi, umeisikia?

EDITI: Nimeisikia. Hii ya leo naiacha.