Oda ya Jioni Huamuliwa Asubuhi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Niwape hesabu moja kwanza. Anayeagiza chakula kwa simu mara 3 kwa wiki, mwaka ukiisha ameagiza mara 156. Kila mmoja achukue bei ya oda yake ya mwisho aizidishe kwa hiyo 156. Jibu si lazima mnitajie.

Sina ugomvi na chakula cha kununua. Ukipanga kula nje na rafiki, pesa hiyo imefanya kazi uliyoituma. Ninachokisema ni ile oda ambayo nusu saa kabla hukuwa nayo akilini.

Wengi hujiita wavivu au walafi. Naikataa kabisa lawama hiyo. Angalieni saa ambayo uamuzi hufanyika: umerudi umechoka, tumbo tupu. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni iitwayo ghrelini, ambayo tumbo huitoa kwa wingi kabla ya mlo na kuuchochea ubongo utafute chakula. Mtu wa hali hiyo hapimi bei, anatafuta njia ya mkato. Na simu ameishika mkononi, kadi yake imehifadhiwa humo, na tangazo la punguzo limeingia saa ile ile ya kula.

Siku moja usome taratibu ukurasa wa mwisho wa programu ya kuagizia chakula, kabla ya kulipa. Kuna bei ya chakula, ambayo mara nyingi iko juu kuliko ya mgahawani kwenyewe. Chini yake ada ya kuletewa, ada ya huduma, bakshishi. Oda ikiwa ndogo unatozwa nyongeza, basi unaongeza kinywaji usichokitaka ili uikwepe! Na kubonyeza hakuumi kama kuhesabu noti. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walionyesha mwaka 2001 kwamba watu hukubali kulipa zaidi wanapotumia kadi ya mkopo kuliko pesa taslimu.

Kwa hiyo msipange kushindana na njaa ikishafika. Iwahini. Siku unayopika, pika maradufu, ugawe sehemu za mtu mmoja mmoja, uandike tarehe, uweke kwenye friza ndani ya saa 2 baada ya kupika. Kipimo changu ni kimoja: chakula cha nyumbani kiwe mezani kabla mwenye pikipiki hajafika. Kama kupasha kunachukua dakika 10, umeshinda. Kama unatakiwa kuanza kumenya vitunguu saa mbili usiku, utaagiza tu, na sitakushangaa. Kula kitu kidogo kabla ya kutoka kazini pia kunasaidia sana.

Kwenye simu, futeni kadi iliyohifadhiwa na kuzima arifa za programu hizo. Ukilazimika kuingiza namba zote upya, unapata dakika ya kufikiri.

Liko jambo ambalo wengi hulisahau. Oda uliyoiacha haijawa akiba bado. Pesa hiyo ingali kwenye akaunti ya matumizi na kesho itaondoka kwa njia nyingine. Jioni hiyo hiyo, ukishapasha kiporo chako, hamisha kiasi kile kile, pamoja na zile ada, kwenye akaunti ya akiba.

Sasa nakaribisha maswali.