Tanuri la Nafaka: Mkaa wa Wakulima wa Uingereza ya Kirumi

Mabibi na mabwana, Uingereza ikitajwa chini ya Warumi, tangu mwaka 43 hadi karibu 410, wengi huwaza majumba ya kifahari yenye sakafu za nakshi. Watu wengi zaidi waliishi kwenye maboma ya wakulima: nyumba chache, mazizi, mashimo, na mitaro kuyazunguka. Leo nachagua kitu kimoja cha huko, tanuri la nafaka, kwa kuwa uchimbaji wa kiakiolojia wa haraka huliharibu bila mtu kujua.

Ni mfereji mfupi uliojengewa mawe, mara nyingi kwa umbo la herufi T. Moto ulichochewa kwenye shimo la mwisho mmoja, joto likapita hadi chini ya sakafu iliyotandazwa nafaka. Ilidhaniwa kazi yake ni kukausha mavuno yaliyolowa. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Reynolds alijenga la majaribio huko Butser, Hampshire, akaona linakausha nafaka kwa shida. Kwa kutengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ili ipikiwe pombe, lilifaa zaidi.

Basi tuuulize mkaa, yaani mabaki ya nafaka na makapi yaliyoungua. Chukua sampuli ya shimo la moto peke yake na ya mfereji peke yake, lita 40 kila moja, yaani ndoo nne za lita kumi. Wakulima hao walichochea moto kwa makapi ya ngano aina ya spelta. Ukichanganya udongo, makapi ya kuchochea moto yataonekana kana kwamba ndiyo yaliyokuwa yakikaushwa.

Loweka udongo majini taratibu, kwani ukiusukasuka makapi yanavunjika. Vinavyoelea vinase kwa chekeche la matundu ya milimita 0.25 au 0.3. Likiwa na matundu makubwa, vichipukizi vilivyokatika vitapita, na kimea kitapotea navyo. Anika kivulini, juani mkaa hupasuka.

Chini ya hadubini, punje iliyoota ina mfereji mgongoni ulioachwa na chipukizi. Zikiwa chache, na machipukizi hayalingani, huenda mvua iliwahi mavuno. Zikiwa nyingi, za urefu mmoja, pamoja na vichipukizi vilivyokatika, kuna mtu aliyeloweka nafaka yake, akaingoja, akaikausha apate pombe.

Ila kwanza tazama mkaa umelala wapi. Tanuri lililoachwa mara nyingi liligeuka jalala. Mkaa uliogusa sakafu iliyoungua ni wa tanuri; ulio juu ya mawe yaliyoporomoka ulitupwa baadaye, na sampuli yake ipewe namba nyingine.