Yai Hutangulia, Damu Hufuata: Mhadhara kuhusu Hedhi Baada ya Kutoa Mimba kwa Vidonge

Habari za jioni, dada zangu. Na nyinyi kaka zetu mliokaa karibu na mlango, sogeeni, maana haya yanawahusu.

Aliyetoa mimba kwa vidonge, swali lake la kwanza likishapita la maumivu, huwa ni hili: siku zangu zitarudi lini? Ni swali la haki. Ila ndani yake kuna mtego. Anayeuliza hudhani kuwa mwili umelala mpaka damu ya hedhi ionekane tena. Jioni hii nataka kuwaondolea dhana hiyo, kwa sababu imewapatia wanawake wengi mimba ya pili wasiyoitarajia.

Tuanze na damu inayotoka baada ya vidonge. Hiyo si hedhi. Mifepristoni, kile kidonge cha kwanza cha miligramu 200, huizuia progesteroni isifanye kazi. Progesteroni ndiyo homoni inayoutunza utando wa mji wa mimba, na ikizuiwa utando huachia. Siku moja au mbili baadaye misoprostoli huikaza misuli ya mji wa mimba, na kilichomo kinasukumwa nje. Wako wanaotumia misoprostoli peke yake. Kwao pia ni msukumo huohuo. Utando huo ulikuwa umenenepeshwa na ujauzito, ndiyo maana damu huwa nyingi kuliko ya mwezi wa kawaida na huja na mabonge.

Damu nzito hupungua mapema, lakini damu kidogo au matone huendelea kwa wiki mbili hivi, na kwa baadhi ya wanawake hufika wiki nne. Tena ina tabia ya kukatika siku mbili tatu kisha kurudi. Hapo ndipo mtu anaposema amepata hedhi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Hajapata. Ni damu ileile inayomalizikia. Ukitaka kuweka hesabu, siku damu ilipoanza kutoka kwa nguvu baada ya misoprostoli iandike kuwa siku ya kwanza ya mzunguko mpya.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mimba ikishatoka, homoni ya ujauzito, ile inayosomwa na kipimo cha mkojo, huanza kushuka. Ikishuka vya kutosha, tezi iliyo chini ya ubongo hupeleka amri kwenye ovari, na yai jipya huanza kukua. Kwa wastani yai hilo hupevuka wiki tatu hivi baada ya mimba kutoka, lakini limewahi kuonekana mapema kama siku ya nane. Siku ya nane! Wengi siku hiyo bado wanavaa pedi. Hedhi huja wiki mbili hivi baada ya yai kupevuka, ikiwa halikutungishwa. Kwa hiyo anayesema "sijaona siku zangu, siwezi kushika mimba" anaitegemea alama inayochelewa kufika kuliko zote.

Hedhi yenyewe, kwa wengi, hurudi kati ya wiki ya nne na ya nane. Mimba iliyokuwa kubwa kidogo huacha homoni nyingi zaidi, na hizo huchukua muda kuisha. Ya kwanza inaweza kuwa nzito na ya maumivu kuliko ulivyozoea, au nyepesi hata ukaitilia shaka. Mzunguko mmoja au miwili ikipita, mambo hurejea yalivyokuwa. Nasema yalivyokuwa: ambaye tarehe zake zilikuwa zikiruka-ruka tangu zamani asitegemee vidonge vimrekebishie.

Kipimo cha mkojo usikikimbilie. Kwa wiki nne hivi kinaweza kuonyesha bado una mimba wakati haipo, kwa sababu kinasoma mabaki ya homoni. Wiki hizo zikipita kikaendelea kuonyesha mimba, au dalili za ujauzito hazijaondoka, nenda ukaonwe. Wiki nane zikipita bila hedhi, nenda vilevile.

Jambo jingine linalovuruga hesabu ni uzazi wa mpango. Kipandikizi au sindano unaweza kupewa siku ileile ya kidonge cha kwanza. Kitanzi huwekwa ikishathibitika kuwa mimba imetoka. Ni vizuri sana. Lakini sindano inaweza kukukatia damu kwa miezi, kipandikizi kikakuletea matone yasiyo na mpangilio, halafu lawama zote zikaangukia vidonge vya kutoa mimba. Vinasingiziwa mengi, vidonge vile.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kesho. Kulowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo. Homa inayozidi siku moja baada ya misoprostoli. Uchafu wenye harufu mbaya ukeni. Maumivu makali ya upande mmoja yenye kizunguzungu, au kutotoka damu kabisa baada ya misoprostoli: hapo tunahofia mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo vidonge hivi haviiondoi.

Naona mkono pale nyuma. Dada anauliza kama ni kweli lazima asubiri hedhi tatu kabla ya kutafuta mtoto, kwa kuwa kizazi kimechoka. Hapana, dada yangu. Dawa hizi hutoka mwilini baada ya siku chache na haziharibu kizazi. Kinachoweza kuiziba mirija ni maambukizi yaliyoachwa bila tiba, ndiyo sababu nimeisisitiza homa. Ukiwa tayari, mwili wako hauhitaji ruhusa ya hedhi tatu. Ukisubiri moja, faida yake ni kurahisisha kukadiria umri wa mimba, na hata usiposubiri, kipimo cha altrasaundi kitaukadiria.