Jaipur mnakula nini? Haya nimejibu, msinitukane

Mambo zenu jamani, karibuni. Leo nimekaa nijibu swali moja tu maana kila nikifungua komenti ni lilelile, "dada tukija Jaipur huko India tule nini, au ndo dengu asubuhi mpaka jioni?" Wengine ni wanafunzi mnaokuja, wengine ni wale kaka zangu wa mawe wa Arusha, si tanzanite yetu inakuja kukatwa huku, basi mtu anashinda soko la vito la Johari Bazaar siku nne anaishi kwa biskuti. Na kabla hujaandika "anajishaua" au "si urudi kama kugumu", mi sijisifu na wala silalamiki. Nalalamika kidogo tu, mtaona wapi.

Chai, chapati, sambusa naruka, hizo umekulia nazo.

Kachori siruki, iliniaibisha. Mi najua kachori yetu, kiazi kimepondwa kikatiwa ndimu, unakula tano umesimama. Nikaenda kibanda kimoja karibu na stendi ya Sindhi Camp nikaagiza sita kwa kujiamini, vikaja vitu vimevimba kila kimoja kimejaa kiganja, ganda la ngano linavunjika, ndani vitunguu na pilipili na mvuje unanukia. Hiyo ndo pyaaz kachori, kachori ya vitunguu, asili yake mji wa Jodhpur. Ya pili sikuimaliza. Halafu kulipa sasa, huku watu wanaskani simu hadi kwa muuza ndizi wa mkokoteni, we huna akaunti ya benki ya huku unatoa noti ya rupia 500, jamaa anaiangalia kama umemtukana, hana chenji.

Na hiyo akaunti nilihangaika nayo karibu miezi mitatu. Benki wanataka karatasi ya usajili wa wageni, usajili kama viza yako ya masomo inazidi siku 180 unatakiwa uufanye ndani ya siku 14 tangu ufike, usajili nao unataka mkataba wa nyumba, mwenye nyumba hataki kuandika mkataba, kila siku kesho. Kwahiyo tembea na noti ndogo, za 20, za 50, za 100. Ushauri wangu wa msosi unaanzia hapo.

Sasa ukiniuliza kitu kimoja tu, dal baati churma. Baati ni donge la unga wa ngano, gumu, dogo kama ngumi ya mtoto, kijijini wanalifukia kwenye moto wa vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa (acha kukunja uso, hainuki), likiiva wanalipasua, wanalizamisha kwenye samli, unakula na dengu za aina tano zimepikwa pamoja. Churma ni hiyohiyo baati imepondwapondwa na sukari au sukari guru. Mara ya kwanza mhudumu kaja na birika la samli, kamimina, nikamwambia "basi", na kwao pia ni "bas", yaani kanielewa kabisa, katabasamu, kamimina tena. Funika sahani kwa mkono, ndo anaacha.

Halafu mnasema Wahindi hawali mboga za majani, jamani hili jimbo la Rajasthan sehemu kubwa ni jangwa la Thar, zamani maji yalikuwa taabu, watu wakapikia walichonacho, dengu, mtindi, vitu vilivyokaushwa. Gatte ni unga wa dengu umeviringishwa kama vijiti, unachemshwa, unakatwa, unaingia kwenye rojo la mtindi. Ker sangri ni vitunda vya kichaka na maganda ya mbegu, kama ya maharage, ya mti wa jangwani, mi sikuipenda, ina uchachu, lakini huyo ni mimi na ulimi wangu. Mtu wa Dodoma au Singida we njoo wakati wa baridi, kuna mkate wa uwele, uwele wetu uleule, na chatne ya kitunguu saumu, unaweza ukalia.

Nyama ipo. Laal maas, mbuzi kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili za Mathania, bei imechangamka. Wanaouliza halali nendeni mitaa ya Ramganj. Ila usipike nyumbani kabla hujamuuliza mwenye nyumba! Mama alinitumia dagaa wa Mwanza, nimekaanga nusu kikombe tu, dirisha wazi, dakika kumi baba mwenye nyumba yuko mlangoni kaziba pua na mkewe nyuma yake. Wao hata yai hawali, sawa, naheshimu, lakini ile sufuria alinitupia nje na dagaa ndani, na kodi ya mwezi ule nilikuwa nimeshalipa. Hapo ndo pa kulalamika, nimemaliza.

Vitamu, ukija Julai au Agosti tafuta ghevar, uji wa unga unamiminwa kutoka juu kwenye samli ya moto unatoka na matundu kama sega la nyuki, juu wanaweka maziwa mazito. Ni ya msimu wa mvua, sikukuu ya Teej. Lassi, mtindi mtamu wa kunywa, ya barabara ya MI asubuhi, kwenye kikombe cha udongo, duka lenyewe ni la 1944 na majirani zake wote wanajiita la asili. Jodhpur lassi yao nzito unatumia kijiko. Mchana wa joto chaach, mtindi mwepesi wa chumvi na jira, imeniokoa sana. Na kipindi cha sikukuu ya Holi ukipewa thandai, maziwa ya viungo, uliza kwanza ina bhang (bangi) au haina, we una viza ya watu.

Bhujia za mji wa Bikaner, vitafunwa vya kukaanga kama tambi, zinabebeka, kavu, hazimwagiki. Ila msiniagize! Safari iliyopita nilibeba za watu wanne, kilo zangu 23 zikaisha, nguo zangu nikaziacha kwa rafiki mpaka leo, na wawili hawajanilipa, mnajijua na najua mnaangalia.