Nani Anamkagua Anayechagua Tunachokiona?

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kila mjadala wa mitandao ya kijamii unapopamba moto, swali huwa lile lile: chapisho hili lifutwe au liachwe? Wabunge huliuliza, waandishi wa habari huliuliza, na sisi wenyewe tunagombana juu yake. Leo naomba tuliweke kando. Kuandika chapisho ni kazi ya mtu mmoja. Kulipeleka mbele ya mamilioni ya watu, na kuliacha jingine lizame bila kuonwa na yeyote, ni kazi ya kampuni. Hiyo kazi ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu karibu hakuna anayeikagua.

Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje nyaraka nyingi za ndani za kampuni, kisha akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Kupitia nyaraka zile ulimwengu ulijua kwamba kuanzia 2017 mfumo unaopanga machapisho ulizipa alama za hisia, ule uso wa hasira ukiwemo, uzito mara 5 ya alama ya dole gumba. Fikirini maana yake. Mtu anaandika maneno ya uchochezi. Wewe unaghadhibika, unabonyeza uso wa hasira kumwonyesha kwamba humkubali. Mfumo unaichukua ghadhabu yako kuwa sababu ya kuyasambaza zaidi maneno yale yale unayoyapinga! Watafiti wa kampuni yenyewe waligundua kuwa machapisho yanayovuta hasira yalielekea zaidi kubeba habari potofu. Uzito wa hasira ulikuja kushushwa hadi sifuri mwaka 2020. Hesabu hiyo tuliijua kwa sababu tu kuna aliyethubutu kutoa nyaraka. Je, tutaendelea kusubiri majasiri?

Na hasara yake si ya maneno matupu. Myanmar, mwaka 2017, zaidi ya Warohingya 700,000, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, walikimbilia Bangladesh wakiyanusuru maisha yao. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema mitandao ya kijamii, na huko maana yake ilikuwa Facebook, ilichangia kueneza chuki dhidi yao. Kampuni ilikiri mwaka 2018 kwamba haikufanya ya kutosha. Kwa miaka mingi ilikuwa na wakaguzi wa maudhui, yaani watu wa kupitia machapisho na malalamiko, wachache mno wanaoijua lugha ya Kiburma, ilhali ilikuwa na mamilioni ya watumiaji katika nchi hiyo. Ilifungua soko kabla ya kuajiri watu wa kulielewa.

Sheria zilikuwa wapi? Marekani, ambako kampuni nyingi kati ya hizi zina makao, ina sheria ya mwaka 1996 inayosema, kwa ufupi, kwamba mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno ya watumiaji wake. Ilitungwa kabla Facebook haijazaliwa. Ujerumani ilipita njia nyingine mwaka 2017: maudhui yaliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria yaondolewe ndani ya saa 24 baada ya malalamiko, la sivyo faini ingeweza kufika euro milioni 50. Naielewa nia yake, lakini mwenendo huo unanitia hofu. Ukimtisha mtu kwa faini kubwa na saa chache, atafuta hata lisilostahili kufutwa, na mwenye chapisho halali hana wa kumlilia. Tena serikali isiyopenda kukosolewa huiga kwa haraka sana sheria ya aina hiyo, ikaiita usimamizi wa mitandao, kumbe inasimamia midomo ya raia.

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu huduma za kidijitali, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa kabisa Agosti 2023, nimeifuatilia kwa karibu. Jukwaa lenye watumiaji milioni 45 au zaidi kwa mwezi katika Umoja huo linatakiwa kutathmini lenyewe hatari linazozalisha, likaguliwe kila mwaka na mkaguzi wa nje, liweke hadharani hazina ya matangazo yake ya kulipiwa, na liwape data watafiti waliothibitishwa. Faini yaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka ya dunia nzima. Desemba 2025 jukwaa la X, zamani Twitter, lilitozwa euro milioni 120. Si kwa sababu ya chapisho la mtu. Lilitozwa kwa alama ya tiki ya buluu inayopotosha watumiaji, kwa hazina ya matangazo isiyo wazi, na kwa kuwazuia watafiti kupata data. Huo ndio ukaguzi ninaouzungumzia.

Mtaniambia kampuni nazo zimejiundia vyombo. Ni kweli. Bodi ya Usimamizi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilianza kazi mwaka 2020, ina watu wazito, na uamuzi wake juu ya chapisho moja moja unaifunga kampuni. Siidharau. Lakini mapendekezo yake kuhusu sera kampuni yaweza kuyakataa, na fedha zake zinatoka kwa kampuni hiyo hiyo. Wakati huo huo madirisha yanafungwa: CrowdTangle, chombo ambacho waandishi na watafiti walikitumia kuona ni nini kinasambaa Facebook, kilizimwa Agosti 2024.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi tunaoongea Kiswahili. Sheria ya Ulaya inayataka majukwaa hayo makubwa yaseme yana wakaguzi wa maudhui wangapi kwa kila lugha rasmi ya Umoja huo. Kimalta, lugha ya watu wasiofika milioni moja, kimo. Kiswahili hakimo, wala Kiamhari, wala Kihausa. Sisi wenye lugha hizi hatuna sheria inayoilazimisha kampuni kutuambia ni nani anayesoma malalamiko yetu, au kama anayasoma mtu.

Hapa ndipo mahakama za Kenya zimefanya jambo kubwa. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa huko kwa kuwa haina makao nchini humo. Mwaka 2023 mahakama ya ajira jijini Nairobi iliikataa hoja hiyo katika kesi ya mkaguzi wa maudhui, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2024. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaruhusu isikilizwe kesi nyingine, inayodai kwamba mfumo wa Facebook ulikuza machapisho ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia. Mmoja wa walalamikaji alimpoteza baba yake, profesa aliyeuawa mwaka 2021 baada ya kuandamwa kwa machapisho.

Ushindi huo ni wa mlangoni tu; haujaamua nani ana hatia. Ninachokingoja ni siku wanasheria watakapoomba nyaraka zinazoonyesha mfumo ule ulipanga vipi machapisho yale, na nani alijua.